Rangi za maji kwa anayeanza: maji kwanza, embe baadaye

Wengi wanaotaka kujifunza rangi za maji huanza na picha. Mtu ananunua kisanduku cha rangi, anatafuta picha ya machweo ya kuiga, na nusu saa haijaisha karatasi imejikunja, rangi zimegeuka tope, kisanduku kinarudi kabatini. Nimekaa meza moja na watu wazima wa kila aina wakijifunza, na sikuona hata mara moja kosa likiwa la mkono. Mkono unaoweza kuandika jina unatosha kushika brashi. Kinachokosekana ni mazoea ya maji: yapo kiasi gani kwenye brashi, yapo kiasi gani kwenye karatasi, na yatakauka baada ya muda gani.

Ndiyo maana mwongozo huu utakuchelewesha kwa makusudi. Siku tatu za mwanzo hutapaka picha yoyote. Utapaka maji. Siku ya nne utapaka embe moja, na atakayepita atajua ni embe bila kuambiwa.

Vifaa, na pesa iende wapi

Kama fungu lako ni dogo, na la wengi wetu ni dogo, peleka sehemu kubwa kwenye karatasi. Watu hufanya kinyume chake. Rangi ya bei nafuu kwenye karatasi nzuri hutoa kitu cha kutazamika, ila rangi ya bei kubwa kwenye karatasi mbaya ni hasara tupu. Mwaka wangu wa kwanza nilitumia karatasi za manila, zile za kuandikia chati za darasani. Kila nilipopitisha brashi mara ya pili, uso wa karatasi ulitoa vinyuzi kama shuka kuukuu, na rangi ilizama palepale ilipoangukia. Nilimaliza miezi nikiamini kwamba sina kipaji. Siku nilipopewa kipande kimoja cha karatasi ya kweli, kadiri ya kiganja, rangi ilitembea yenyewe mbele ya macho yangu, nami nikakaa nikiitazama mpaka ikakauka.

Karatasi ya rangi za maji utaijua kwa uzito. Tafuta iliyoandikwa 300 g/m², yaani gramu 300 kwa kila mita ya mraba. Ile ya kuchapishia ofisini huwa gramu 80, kwa hiyo hata ukiishika gizani utahisi tofauti. Zipo zenye uso laini, zenye uso wa kati na zenye uso wa kukwaruza. Wewe anza na ya kati. Iliyotengenezwa kwa pamba tupu ndiyo bora, kwa sababu hukaa na unyevu muda mrefu na huvumilia kufutwa, lakini ya mbao yenye gramu 300 inakutosha kwa mazoezi. Kata kila karatasi ya A4 vipande vinne. Kipande kidogo hakitishi, na nyuma yake pia panapakika.

Upande wa rangi, usishawishike na kisanduku chenye rangi 36. Utatumia sita, na nyingine zitakuchanganya. Kabla sijazitaja, inafaa ujue rangi ya maji ni kitu gani. Ni unga wa rangi uliosagwa ukachanganywa na gundi inayotokana na utomvu wa miti jamii ya mgunga, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka Sudan. Gundi hiyo haifi. Hata rangi ikikauka mwaka mzima, ukiigusa kwa maji itaamka tena. Jambo hilo moja linaeleza mengi utakayokutana nayo: kwa nini rangi iliyokaukia kwenye sahani haitupwi, kwa nini kosa linaweza kunyonywa kutoka kwenye karatasi, na kwa nini mpako wa pili ukipitishwa kwa nguvu huvuruga wa kwanza.

Majina ya rangi kwenye vibandiko yanatofautiana kutoka kiwanda hadi kiwanda, kwa hiyo usitegemee jina. Angalia msimbo mdogo wa herufi na namba, ambao ndio unaotaja unga wenyewe. PB29 ni bluu ya ultramarini, ile nzito inayoelekea zambarau. PB15 ni bluu kali inayoelekea kijani, na nguvu yake ni kubwa mno, chukua kwa ncha ya brashi tu. PY3 ni manjano ya limau. PV19 hutoa waridi iliyokolea. PY43 ni manjano ya udongo, na ya sita ni kahawia ya siena, PBr7 au wakati mwingine PR101, yenye wekundu wa tofali la kuchoma. Ukiona PR83, iache dukani hata kama wekundu wake unavutia, maana hupauka kwenye mwanga. Nyeupe usinunue kwa sasa, na nyeusi pia. Sababu zake zitakuja.

Brashi mbili zinatosha: ya duara namba 8 au 10 yenye ncha kali, na bapa ya inchi moja. Nywele za nailoni hazina ubaya wowote kwa anayeanza. Muulize muuzaji kama unaweza kuijaribu: chovya brashi kwenye maji, ikung'ute mara moja, kisha itazame. Nywele zikikusanyika zenyewe zikawa ncha moja, ni brashi nzuri. Zikibaki zimegawanyika mbili, irudishe.

Vingine viko nyumbani. Sahani nyeupe ya kauri ya kuchanganyia. Makopo mawili ya maji, moja la kuoshea na la pili la maji safi ambayo hayaguswi na brashi chafu. Kitambaa cha pamba, na kipande cha kanga iliyochakaa kinanyonya kuliko vyote nilivyowahi kujaribu. Tishu, penseli ya HB, raba, na ubao wa plaiwudi mkubwa kuliko karatasi kidogo. Pia tepu ya karatasi, ile ambayo mafundi rangi wa nyumba na magari huzibia sehemu wasizotaka zipakwe. Bandika nayo kingo zote nne za karatasi kwenye ubao ili isipinde ikilowa.

Kama maji ya kisima chenu ni ya chumvi, tumia ya kunywa. Chumvi huvuta unyevu na kuacha madoa kama nyota. Wapo wanaoinyunyiza kwa makusudi kupata nyota hizo, lakini wewe bado unajifunza kupata uso safi.

Siku ya kwanza: uzito wa rangi

Tuchukue bluu ya ultramarini peke yake. Vitabu vingi hueleza uwiano wa maji na rangi kwa asilimia, nami sijawahi kuona mtu akipima asilimia kwa brashi. Jikoni kwetu kuna kipimo bora. Fikiria chai ya rangi, tui jepesi na tui zito.

Chai ya rangi ni mchanganyiko ambao ukiinamisha sahani unakimbia mara moja, na nyuma yake sahani inabaki karibu nyeupe. Tui jepesi linatiririka vilevile, ila linaacha utando wa rangi nyuma yake. Tui zito linasogea kwa uvivu na kuacha alama ya brashi ndani yake. Tengeneza madimbwi hayo matatu kwenye sahani, kila moja likiwa kubwa kuliko unavyodhani utahitaji. Kisha paka miraba mitatu kwenye karatasi, mmoja kwa kila dimbwi, andika chini yake kwa penseli ni upi, na uondoke.

Rudi ikishakauka. Miraba yote mitatu imefifia kuliko ulivyoiacha. Rangi ya maji ikikauka hupungua nguvu, kwa hiyo ukiipaka mpaka ikupendeze ikiwa mbichi, itakuwa hafifu ikikauka. Kuanzia leo paka iliyokolea hatua moja zaidi ya unayoitaka.

Zoezi hili lina dakika 10 za kazi, na ndilo watu wengi hulikwepa. Lirudie kwa rangi zote sita. Karatasi hiyo itakuwa kamusi yako; mimi yangu naibandika ukutani juu ya meza.

Siku ya pili: mpako sawa na mpako wa kufifia

Mpako sawa ni eneo lenye rangi moja, lisilo na michirizi wala madoa. Unaonekana rahisi kuliko vyote, na ndani yake kuna nusu ya ufundi.

Weka kitabu chini ya ubao upande wa juu ili uiname kidogo kuja kwako. Tengeneza dimbwi kubwa la tui jepesi. Jaza brashi bapa mpaka inakaribia kudondosha, kisha pitisha mstari mmoja wa kulala kutoka kushoto kwenda kulia, juu kabisa ya karatasi. Sasa simama uangalie kwa makini ukingo wa chini wa mstari huo. Utaona maji yamekusanyika pale, yamevimba kama ushanga mrefu unaong'aa. Ushanga huo ndio kila kitu. Jaza brashi tena, pitisha mstari wa pili ukigusa ushanga kwa ncha tu, nao utashuka wenyewe kwenye mstari mpya. Endelea hivyo mpaka chini. Usirudi juu kurekebisha chochote, hata ukiona pengo. Ukifika mwisho, kausha brashi kwa kitambaa, iguse kwenye ushanga wa mwisho, nayo itaunyonya wote. Usipounyonya, maji yataanza kupanda juu na kuharibu kilichokwisha kutulia.

Ushanga ukikatika katikati ya safari, brashi yako ilikuwa na maji machache. Ukiteleza mpaka chini kama chozi, yalikuwa mengi au ubao umeinama sana. Paka miraba sita. Wa nne au wa tano mkono utakuwa umeelewa.

Mpako wa kufifia ni huohuo, tofauti ni kwamba kila mstari unaongeza maji safi kwenye brashi badala ya rangi, na bluu inapungua mpaka karatasi nyeupe. Hiyo ni anga ya asubuhi juu ya bahari, na umeipaka bila kukusudia.

Neno kuhusu hali ya hewa, kwa sababu mafunzo mengi ya video yameandaliwa na watu wanaopaka kwenye vyumba baridi vya Ulaya, na muda wanaoutaja siyo wetu. Pwani wakati wa kaskazi, saa saba mchana, ushanga unaweza kukauka kabla hujajaza brashi mara ya pili. Lowesha karatasi kwanza kwa maji matupu, zima feni, au paka asubuhi na mapema. Masika yakiingia mambo hugeuka: mpako uliotarajia ukauke kwa dakika kumi unakaa saa nzima una unyevu, na hapo wengi huharibu kazi kwa kukosa subira. Draya ya nywele husaidia, ukiishika mbali, ila isubiri mpaka dimbwi lizame kwanza, la sivyo upepo wake utaisukuma rangi. Walio Arusha, Iringa au Nairobi wako katikati ya hayo.

Siku ya tatu: mbichi juu ya mbichi, na kujua lini

Kupaka mbichi juu ya mbichi ni kutia rangi kwenye karatasi iliyokwisha kuloweshwa, na kuiacha itawanyike. Hapa ndipo watu huipenda rangi ya maji, na hapa ndipo huwatoka mkononi. Tofauti yote iko kwenye muda.

Lowesha kipande cha karatasi kwa maji safi kisha kiinue usawa wa jicho, ukitazama dhidi ya mwanga wa dirisha. Kwanza kuna madimbwi, uso unameremeta kama kioo. Ukidondosha rangi sasa itaogelea kusikojulikana. Baada ya muda madimbwi yanazama na kubaki mng'ao mwembamba, kama ngozi iliyopakwa mafuta. Huu ndio wakati wako: rangi itatawanyika taratibu na kusimama karibu na ulipoiweka, na kingo zake zitakuwa laini. Kisha mng'ao unapotea na uso unaonekana mkavu. Usiuamini. Gusa kwa mgongo wa mkono. Ukihisi ubaridi, bado kuna maji ndani. Hii ndiyo hatua ya hatari kuliko zote, na hapa brashi yenye maji isiguse karatasi kabisa. Mwisho ubaridi unaisha, na karatasi ni kavu kweli.

Hatari yenyewe ni hii. Ukitia tone la maji kwenye rangi iliyo nusu kavu, maji yanasukuma chembe za rangi pembeni, na yakikauka yanaacha ua lenye kingo za kuchanikachanika mfano wa koliflawa. Leo litengeneze kwa makusudi. Paka mraba wa tui jepesi, subiri mng'ao upotee, kisha dondosha tone moja la maji safi katikati na usifanye kitu. Ukishaliona likizaliwa polepole, hutalishangaa siku litakapotokea kwenye picha, na utajua lilitoka wapi.

Kanuni ya kukumbuka hapa ni kwamba brashi inayoingia kwenye eneo bichi iwe na maji machache kuliko yaliyopo kwenye karatasi. Kama huna hakika, iguse kwenye kitambaa kwanza. Mimi hugusa kitambaa kila mara, bila kufikiri.

Kuchanganya bila kupata tope

Tope hutokea rangi tatu zinapokutana zikakorogwa sana. Mbili zikichanganywa hubaki hai. Jaribu michanganyiko minne tu kwa sasa. Manjano ya limau na PB15 hutoa kijani cha mgomba mchanga. Manjano ya udongo na ultramarini hutoa kijani kilichotulia, cha majani ya mwarobaini wakati wa kiangazi. Waridi na manjano ya limau hutoa chungwa na wekundu wa kila aina, kutegemea nani amezidi.

Mchanganyiko wa nne ni ultramarini na kahawia ya siena, na huo ndio sababu sikukuruhusu kununua nyeusi. Hizi mbili zikiwa sawa hutoa kijivu. Ukizidisha bluu kijivu kinapoa kama wingu la mvua, ukizidisha kahawia kinapata joto kama ukuta wa chokaa uliozeeka. Zikiwa tui zito zinakaribia weusi kabisa. Zaidi ya hapo, chembe za ultramarini huzama kwenye vishimo vya karatasi na kuacha punje ndogondogo ambazo hakuna nyeusi ya kopo inayoweza kuziiga. Nikiambiwa nibaki na rangi mbili tu maisha yangu yote, nitachagua hizi bila kusita.

Mweupe hauongezwi, unaachwa

Karibu kila msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ameona picha za Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanzisha mtindo huo Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi ya mafuta ya kopo, ile inayong'aa, juu ya mbao za fiberi. Rangi hiyo inaziba. Unapaka usuli kwanza, juu yake mnyama, na mwisho kabisa vidoti vyeupe, kama vya ndege kanga. Mchoraji wa mtindo huo anaweka mwanga mwishoni.

Rangi ya maji inakwenda njia ya kinyume. Haizibi, mwanga unapita ndani yake, unagonga karatasi na kurudi machoni. Mweupe wako ni karatasi yenyewe, na ukiupaka umeupoteza. Kwa hiyo unatoka kwenye hafifu kwenda kwenye iliyokolea, na kabla ya kuchovya brashi unajiuliza: pa kuachwa peupe ni wapi? Weka alama ya penseli. Sehemu ndogondogo, mathalani mmeto wa jua juu ya maji, unaweza kuzisugua kwa kipande cha mshumaa mweupe. Nta huikataa rangi na karatasi hubaki safi chini yake.

Kuna wanaoifanya kanuni hii kuwa sheria na kumkemea kila anayegusa nyeupe ya kuziba. Siwaungi mkono. Albrecht Dürer alipopaka sungura wake maarufu mwaka 1502, alitumia rangi za maji pamoja na nyeupe ya kuziba kwa baadhi ya nywele za manyoya, na hakuna aliyethubutu kusema alikosea. Ila yeye alijua kuacha kabla hajajua kuongeza. Wewe fanya mwaka mmoja wa kuacha kwanza.

Siku ya nne: embe

Nachagua embe kwa sababu ngozi yake inafanya yenyewe kile ulichofanya mazoezi jana: rangi zinaingiana bila mpaka. Tafuta lenye kijani upande mmoja na wekundu upande wa pili, na manjano katikati. Liweke juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha, mwanga ukitoka upande mmoja tu. Zima taa.

Litazame dakika tano bila kushika chochote. Tafuta vitu vitatu: pale linapong'aa zaidi, pale lilipo jeusi zaidi, na umbo la kivuli chake mezani. Watu wengi hupaka embe walilo nalo kichwani, la manjano lote lenye jani juu, na la mezani wanalisahau. Kwa penseli, bila kukandamiza, chora mzingo wa embe, kishimo cha kikonyo, umbo la mng'ao, na mzingo wa kivuli. Usitie kivuli kwa penseli.

Andaa madimbwi matatu kwenye sahani kabla ya kulowesha kitu, kwa kuwa ukianza hutapata nafasi: manjano ya limau, mchanganyiko wa waridi na manjano kidogo, na kijani cha manjano na PB15 kidogo sana. Yote yawe tui jepesi. Lowesha ndani ya mzingo kwa maji safi, ukiruka mng'ao. Inama, tazama dhidi ya mwanga, subiri madimbwi yazame ubaki mng'ao mwembamba.

Sasa manjano, kila mahali isipokuwa kwenye mng'ao. Bila kuchelewa, gusa bega la embe kwa wekundu, mara mbili au tatu, ukiinua brashi kila mara. Kisha kijani upande wa pili. Kati ya wekundu na kijani acha njia ya manjano, maana viwili hivyo vikikutana moja kwa moja vinazaa kahawia iliyopooza. Inua ubao, uinamishe huku na huku, uone rangi zikisogeleana. Hapa mkono utawasha kutaka kusaidia. Weka brashi chini. Maji yanafanya kazi ambayo wewe na mimi hatuiwezi.

Wakati bado pana unyevu, fanya jambo moja tu: kwa brashi safi iliyofutwa, gusa ukingo wa mng'ao upande mmoja ili ulainike, na upande wa pili uache ukiwa mkali. Halafu nenda kafanye kazi nyingine ya nyumbani.

Ukirudi, gusa kwa mgongo wa mkono. Kama hakuna ubaridi, tengeneza mpako wa pili: rangi zilezile, zimekolea zaidi, na tone la ultramarini ndani yake. Paka mwezi mwandamo upande ulio mbali na dirisha, juu ya karatasi kavu, kisha osha brashi haraka, ifute, na uipitishe kwenye ukingo wa ndani wa huo mwezi. Ukingo mkali utayeyuka kuelekea kwenye mwanga, na ghafla embe litakuwa la mviringo. Usiufikishe mwezi mpaka kwenye mzingo wa chini kabisa. Tazama embe halisi uone: karatasi nyeupe ya mezani inarudisha mwanga chini yake, na kuna ukanda mwembamba uliofifia. Ukiacha ukanda huo, embe lako litakuwa na uzito.

Kivuli cha mezani kinapakwa kwa mara moja, ultramarini na siena, tui jepesi. Anzia pale embe linapogusana na meza, ambapo ndipo peusi zaidi, uongeze maji kadiri unavyokwenda mbali. Kivuli kikiwa bado kibichi, karibu na embe, dondosha tone la wekundu wake. Mwisho kabisa ni kikonyo na vidoa vidogo vya ngozi kwa ncha ya brashi. Weka vitano au sita, usizidishe.

Tepu iondoe karatasi ikiwa kavu kabisa, ukiivuta taratibu kwa mshazari kuelekea nje ya picha.

Ukikosea, na ukimaliza

Rangi ikidondoka pasipotakiwa, bonyeza tishu juu yake bila kusugua. Ikishakauka, iloweshe kwa brashi yenye maji safi, hesabu mpaka kumi, kisha nyonya kwa tishu. Rudia mara mbili tatu. PB15 ina tabia ya kung'ang'ania na haitoki yote. Mpako ulioharibika katikati mara nyingi huharibika zaidi kwa kurekebishwa ukiwa mbichi, kwa hiyo uache ukauke ndipo uamue.

Brashi ioshe kwa sabuni ya mche na maji baridi, irudishie ncha yake kwa vidole, uilaze ikauke. Usiisimamishe ndani ya kopo nywele zikiwa chini, hata kwa dakika tano, kwani zitapinda na kubaki hivyo. Kisanduku cha rangi usikifunge kikiwa na unyevu. Pwani, hasa masika, rangi huota ukungu ndani ya siku chache. Wanaojitengenezea rangi nyumbani hutia tone la mafuta ya karafuu kwenye gundi kuuzuia. Picha usiitundike panapopigwa na jua, maana hata zile za Dürer hukaa gizani muda mwingi na kutolewa kwa nadra. Nyuma ya karatasi andika tarehe na rangi ulizotumia.

Embe usilile bado. Liache siku mbili na ulipake tena, kijani kitakuwa kimepungua na utalazimika kuchanganya upya. Kisha kata shavu moja upake la ndani. Manjano ya limau peke yake haitatosha, itahitaji tone la waridi, na nyuzi za kwenye kokwa utazipata kwa brashi iliyokaribia kukauka, ukiiburuta kwa ubavu juu ya karatasi kavu ili iguse vilima tu na kuruka mabonde.